Maji Yanayokula Sabuni

Mama'ngu aliachishwa kazi kwa sababu ya sabuni. Ilikuwa mwaka 1997, Tanga, mimi nikiwa darasa la tano. Mpaka leo nikimsikia mtu anamuuliza dada wa kazi "hivi hii sabuni inaishaje haraka hivi?" huwa natafuta sababu ya kutoka nje kidogo.

Alikuwa akifua nguo katika nyumba moja upande wa baharini, siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu tu. Kila mwanzo wa mwezi alinunua mche mmoja wa sabuni, kilo moja, akaukata vipande vinane na kuvifungia kabatini. Siku ya kufua anatoa kimoja. Vipande vinane, siku nane za kufua, mwezi umekwisha. Kwa miaka miwili hesabu ile ilikwenda sawasawa.

Kisha bomba likaanza kukatika. Linatoka leo, wiki nzima halitoki. Watu wa nyumba ile wakarudi kwenye kisima chao cha zamani cha uani, kilichochimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe. Maji yake yalikuwa safi, ya baridi, unayaona mpaka chini ya ndoo. Lakini tangu siku yalipoanza kutumika, kipande kimoja cha sabuni kikawa hakitoshi. Mama akaomba cha pili. Baadaye cha tatu. Na juu ya hayo mashuka meupe yakaanza kufubaa, taulo zikawa zinakauka zimekakamaa kama samaki wa ng'onda.

Jumamosi ile nilikuwepo. Nilikuwa nampa Mama vibanio kambani. Mwenye nyumba akatoka na mche wake mkononi, umebaki vipande viwili na mwezi haujafika nusu.

"Dada, sabuni yangu inakwenda wapi?"

Mama akajibu bila kuinua kichwa: "Maji haya yanakula sabuni, mama."

"Maji hayana mdomo, dada yangu."

Ndivyo ilivyoisha. Hakupiga kelele, hakutukana. Alikata bei ya miche miwili kwenye mshahara wa mwisho, akamwambia Mama ampumzishe. Njiani kurudi nyumbani Mama hakusema neno, nami sikuuliza.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo nimechukua muda mrefu kuliandika. Mama alipolala, niliupekua mkoba wake wa ukili. Chini kabisa, umefungwa kwenye kipande cha gazeti, nikakuta robo ya mche wa sabuni. Nikakifunga tena vilevile, nikakirudisha. Tangu usiku ule, kwa miaka mitano, niliishi na mama ambaye moyoni mwangu alikuwa mwizi wa sabuni. Nilimpenda, nilimtii, nilimbebea ndoo. Lakini akisema "hela imepungua, sijui imekwenda wapi," kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinajibu.

*

Mwaka 2002, kidato cha tatu, mwalimu wetu wa kemia alituambia kila mmoja aje na chupa ya maji kutoka kwao. Mada ilikuwa maji magumu na maji laini. Kemia tulifundishwa kwa Kiingereza, na nakumbuka niliandika maneno yale daftarini nikicheka kimoyomoyo. Jiwe ni gumu, mtihani ni mgumu. Maji yanakuwaje magumu?

Jaribio lenyewe ni jepesi kiasi kwamba unaweza kulifanya jikoni kwako. Unapima kiasi kilekile cha kila maji kwenye chupa. Unatia maji ya sabuni kidogo kidogo kwa bureti, unatikisa, unaangalia. Povu likitokea na kutoweka, unaongeza. Likitokea na kubaki, unasimama na kusoma umetumia kiasi gani. Maji ya mvua yalichukua mililita moja tu, povu likasimama. Maji ya bomba, ambayo yanatoka mto Sigi kwenye milima ya Usambara, yalichukua mililita tatu. Kisha ikafika zamu ya chupa yangu. Nilikuwa nimeyachota kwenye kisima cha jirani yetu, kisima cha matumbawe kama kile cha upande wa baharini.

Mililita tano, hakuna povu. Nane, hakuna. Badala ya povu, maji yakageuka maziwamaziwa na juu yake ukakusanyika utando mzito wa kijivu, kama ule unaobaki pembeni ya beseni. Nilipofika kumi na sita ndipo povu likasimama. Mwalimu akaniuliza, "Sabuni yote hiyo imekwenda wapi?"

Nadhani alishangaa kwa nini sikujibu.

Akaeleza mwenyewe. Mvua inaponyesha huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, kidogo angani na nyingi zaidi udongoni, na hivyo maji yanakuwa na uasidi hafifu sana. Uasidi ule hauwezi kukuunguza, lakini ukiyapa muda unatosha kuyeyusha mawe ya chokaa. Na matumbawe ni nini kama si chokaa iliyojengwa na wadudu wa baharini kwa maelfu ya miaka? Maji yanapopita humo yanaondoka na kalsiamu, na mara nyingi magnesiamu pia, zikiwa zimeyeyuka kabisa. Huzioni na wala huzisikii mdomoni kwa urahisi. Ukiyanywa hayakudhuru. Unazigundua siku unapotia sabuni.

Sabuni ni chembe zenye mkia wa mafuta na kichwa kinachopenda maji, na kila kichwa kimeshikana na sodiamu. Kikiwa na sodiamu, kinayeyuka, kinatoa povu, kinashika uchafu. Lakini kalsiamu ikiwepo majini inaisukuma sodiamu pembeni, inakamata vichwa viwili vya sabuni kwa mpigo mmoja, na kinachozaliwa hakiyeyuki tena. Ndio ule utando wa kijivu. Huo unaganda kwenye nyuzi za nguo, mashuka yanafubaa na taulo zinakakamaa. Sabuni haianzi kufua mpaka kalsiamu yote iliyomo kwenye beseni ipate fungu lake. Ikishashiba ndipo povu linasimama.

Ikishashiba. Mwalimu hakulitumia neno hilo, ni mimi. Nilikaa kwenye dawati langu nikamsikia Mama: maji haya yanakula sabuni. Alikuwa ameeleza mmenyuko mzima wa kemia kwa maneno manne, akafukuzwa kazi.

*

Jioni ile nilipiga hesabu, nikairudia mara tatu. Naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha.

Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu kwa lita. Maji yanayozidi 180 huhesabiwa kuwa magumu sana. Tuseme kisima kile kilikuwa na 300, kiasi ambacho si cha ajabu kwa maji yaliyolala kwenye mwamba wa chokaa. Ndoo ya lita 20 itakuwa na gramu 6. Ukipitisha kwenye hesabu za moli, ukikumbuka kwamba kila kalsiamu moja inachukua sabuni mbili, gramu 6 zile zinaharibu takriban gramu 37 za sabuni. Ndoo moja. Mama alikuwa akitumia ndoo nne za maji ya sabuni kila siku ya kufua: karibu gramu 147.

Kipande kimoja cha mche wa kilo moja uliokatwa mara nane kina gramu 125.

Yaani kipande kile alichokuwa akipewa kisingetosha hata kuyashibisha maji. Kingekwisha chote, nguo zisipate povu hata la kufulia soksi. Na sabuni ya mche ina maji ndani yake, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi ya hesabu yangu. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa hesabu, naye alihesabu vizuri. Ila katika hesabu yake aliwaweka watu wawili, yeye na mfuaji, akamsahau wa tatu aliyekuwa kisimani.

Baadaye sana nikaja kujua kwamba upotevu ule wa sabuni ndio uliokuwa kipimo chenyewe cha wataalamu. Thomas Clark, profesa wa kemia kule Aberdeen, Scotland, katika karne ya 19 alipima ugumu wa maji kwa njia ileile ya darasani kwetu: tia sabuni, tikisa, hesabu imepotea kiasi gani. Kwa hiyo swali la "sabuni inakwenda wapi" lilikuwa swali halali kabisa. Clark aliliuliza maji. Yule mama alimuuliza mfuaji.

Na mwaka 1841 Clark huyohuyo alipata hataza ya njia ya kuyalainisha maji ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani mtu anakutania. Alitia chokaa. Maji yana chokaa nyingi, dawa yake ni chokaa! Lakini ndivyo ilivyo. Chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji ina nguvu ya kuinyang'anya ile kaboni dayoksaidi inayoishikilia kalsiamu majini. Ikishanyang'anywa, kalsiamu ya kwenye maji na ile iliyotiwa zote zinageuka unga mweupe na kuzama chini. Sisi watu wa pwani tulichoma matumbawe kwenye matanuri kwa karne nyingi, tukajengea nyumba na misikiti, na visima vyetu vilikuwa palepale vikitusubiri. Dawa ya moto ni moto, tulikwisha kusema. Ila lazima kipimo kiwe sawa, maana ukizidisha unajiletea ugumu mpya.

*

Sasa, kuna ugumu wa aina mbili, na tofauti yake ndiyo iliyonirudisha jikoni kwa Mama.

Wa kwanza unaitwa ugumu wa muda. Huu unatokana na bikaboneti, na unaondoka kwa kuchemsha: moto unaifukuza kaboni dayoksaidi, kalsiamu inabaki haina wa kuishika, inaganda. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai ndio huo. Ukitaka kuuona mkubwa, nenda mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga. Yale mawe yanayoning'inia juu kama mishumaa iliyogeuzwa ni jambo lilelile la birika, isipokuwa pangoni hakuna moto. Tone linatoka kwenye mwamba, linaachia hewa yake polepole, linaacha chembe ya chokaa, linadondoka. Lingine linafuata. Baada ya kidato cha tatu niliacha kulikwangua birika letu kwa hasira.

Wa pili ni ugumu wa kudumu, wa salfeti na kloridi. Huu ukichemsha mpaka kuni ziishe hautoki. Unahitaji kitu cha kuibadilisha kalsiamu, na kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni kaboneti ya sodiamu. Mwalimu aliandika jina lake ubaoni, akatuonyesha unga mweupe kwenye chupa ya maabara iliyofungwa kama dawa ya hatari. Kisha akasema, kwa Kiswahili safari hii, "Hii ni ndugu yake magadi."

Magadi! Si unayajua magadi? Yale mawe ya kijivu yanayopimwa kwa kopo sokoni, ambayo Mama alikuwa akitia kidogo kwenye maharage yakikataa kuiva, au kwenye mlenda. Yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Natron upande wa Tanzania na Magadi upande wa Kenya. Ndani yake kuna kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zimeshikana. Ukiyatia kwenye maji magumu, kaboneti inaikamata kalsiamu na kuzama nayo kama unga wa chokaa, sodiamu inabaki majini, na sodiamu haina ugomvi na sabuni. Ndiyo sababu mojawapo maharage yanaiva haraka: kalsiamu ya maji huyafanya maganda yawe magumu, na magadi yanaiondoa njiani.

Kwa hiyo katika nyumba ile ya upande wa baharini dawa ilikuwepo. Nina hakika kabatini jikoni, pengine rafu moja na ile sabuni iliyohesabiwa, palikuwa na kopo la magadi. Kijiko kimoja au viwili kwenye ndoo, ungesubiri unga utulie, ungemimina maji ya juu, na kipande kimoja kingetosha. Hakuna aliyejua kwamba kitu cha maharage na kitu cha mashuka ni kitu kimoja. Mimi mwenyewe nilihitaji mtu mwenye chaki aniambie.

*

Nilimwambia Mama siku ileile. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mimi nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, daftari magotini. Nikamweleza matumbawe, kalsiamu, vichwa viwili vya sabuni. Nikamwonyesha gramu 147 na gramu 125. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni.

"Kwa hiyo shuleni wanasema maji ni magumu?"

"Ndiyo, Mama."

"Sisi tulisema yanakula. Haya, yote sawa."

Nikadhani imeisha hapo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita, na kitu kimenikaa kooni tangu nikiwa na kumi na moja. Nikamwambia nilipekua mkoba wake. Nikamwambia nilikuta sabuni kwenye gazeti.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayepiga hesabu ya zamani na kuona mahali ilipokosewa.

"Ile ilikuwa yetu," akasema. "Nilikuwa nachukua ya nyumbani, napeleka kule. Ningeomba kipande cha nne angesema nini? Na nguo ningezirudishaje hazijatakata?"

Basi. Ile sabuni haikuwa inatoka kwao kuja kwetu. Ilikuwa inatoka kwetu kwenda kwao. Kwa miezi miwili mama'ngu alikuwa akikilisha kisima cha watu kwa sabuni ya watoto wake, halafu akakatwa bei ya miche miwili, halafu akarudi nyumbani kulala chumba kimoja na mtoto anayemshuku. Nikakumbuka kwamba miezi ile tulikuwa tukioga kwa maji matupu siku za katikati ya wiki, na mimi nilinung'unika.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka alinisogezea nusu ya mchele nichambue.

*

Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi sasa, na nyumba ninayopanga inatumia kisima kirefu cha pampu. Watu hapa wanasema "maji ya chumvi" kwa kila maji ambayo sabuni haitoki povu, nami nimechoka kuwasahihisha. Ladha ya chumvi na ugumu ni vitu viwili. Mara nyingi vinakuja pamoja kwenye visima vya pwani, lakini chumvi ya mezani peke yake haina kalsiamu ya kugombana na sabuni. Kinyume chake, chumvi ndiyo inayoendesha mashine ya kulainisha maji.

Mwaka juzi nilinunua mtungi wa aina hiyo, mdogo. Ndani yake kuna punje za utomvu wa kutengenezwa viwandani, ndogo kama ulezi, zilizobeba sodiamu. Maji magumu yakipita, kalsiamu inapanda kwenye punje na sodiamu inashuka. Kama daladala: mmoja anashuka, mwingine anapanda, na kwa sababu kalsiamu ina chaji mbili, kila ikipanda moja lazima sodiamu mbili zishuke. Udongo wa shambani unafanya biashara hiyohiyo. John Thomas Way, mwanakemia Mwingereza, aliielezea mwaka 1850 akichunguza jinsi udongo unavyoshika mbolea. Utomvu wa kutengenezwa ulikuja mwaka 1935 kwa kazi ya Waingereza wengine wawili, Adams na Holmes. Punje zikijaa kalsiamu, unapitisha maji ya chumvi kali, sodiamu zinarudi kwa wingi wao na kuzisukuma kalsiamu nje mpaka kwenye mtaro. Mtungi unaanza upya.

Sabuni za unga nazo zimerahisisha mambo. Nyingi zimetengenezwa kwa kemikali ambazo kalsiamu haizigandishi kirahisi, na ndani yake mna vilainishi vya maji tayari. Mfuaji wa leo haulizwi maswali aliyoulizwa Mama, au anaulizwa mengine.

Mama alikuja kunitembelea Machi, akanikuta namimina chumvi ya mawe kwenye pipa la mtungi. Ana presha siku hizi, kwa hiyo bomba la jikoni nimelipitisha pembeni, maji ya kunywa na ya kupikia hayagusi mtungi, maana maji yaliyolainishwa hivi yanaongezeka sodiamu. Alisimama akaniangalia kwa muda, mkono kiunoni.

"Na hili nalo linakula?"

"Linakula chumvi, Mama. Mfuko mzima kwa mwezi."

Akachungulia ndani ya pipa, akatikisa kichwa. Uani dada anayetusaidia kazi alikuwa anaanika mashuka.

"Haya," akasema. "Mfuko ukiisha nunua mwingine, na usimuulize mtu."